Kuvuka Drake kwenda Antaktika

Tulitoka Ushuaia, Argentina, jioni, na mwanzoni kwenye mlango-bahari wa Beagle maji yalikuwa yametulia hadi watu wakaanza kusema mbona hamna kitu. Kapteni akatangaza kwenye spika kwamba usiku tunaingia bahari kuu, vitu vyote vya mezani viwekwe chini, droo zifungwe, na anayetaka dawa ya kichefuchefu ameze sasa hivi. Hilo la dawa lizingatie sana ukienda, maana ukishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni.

Usiku wa manane ndo tukaijua Drake. Ni kama kilomita 800 za maji kati ya Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, na visiwa vya South Shetland karibu na Antaktika, na ubaya wake latitudo zile hakuna nchi kavu popote kuzunguka dunia, kwahiyo upepo na mkondo vinakuja bila kizuizi alafu vinabanwa kupita hapo. Umelala kitandani unateleza mara kichwani mara miguuni, meli inapanda taratibu, inasita, inashuka na kishindo mpaka kuta za kabini zinalia. Kwenye korido walichomeka mifuko ya kutapikia nyuma ya vyuma vya kushikia na asubuhi mingi ilikuwa imeshachukuliwa. Kilichonisaidia mimi ni kukaa katikati ya meli sehemu za chini, pale inapoyumba kidogo, nikiwa natazama mbali baharini kupitia dirisha, simu sikuigusa kabisa.

Mchana albatrosi, wale ndege wa baharini, wakatufuata nyuma. Yaani upepo ule ule unaotutesa sisi wao wanaupanda tu, bawa halipigwi, anashuka hadi karibu aguse wimbi kisha anainuka tena, na wale wakubwa mabawa yakikunjuliwa yanapita mita 3. Nilisahau tumbo kabisa.

Tulipofika Antaktika, kabla ya kushuka nchi kavu tulikaguliwa nguo na mabegi, mhudumu ana kibano anatoa vijimbegu vya nyasi vilivyonasa kwenye mishono, buti zinasuguliwa na dawa, na mimi naona wako sahihi kabisa maana mbegu moja ngeni ikiota kule ni balaa. Watu wasiozidi 100 ndo wanaruhusiwa nchi kavu kwa wakati mmoja, tukapelekwa kwa boti za mpira kwa zamu. Pengwini unakaa nao mita 5, na wana vinjia vyao walivyovichimba kwenye theluji kwa kupita pita, akija unasimama apite yeye kwanza. Nilimwona mmoja akiiba jiwe kwenye kiota cha jirani, akaliweka kwake, jirani akageuka akaiba lingine, jamani ningeweza kukaa pale siku nzima.

Kisha kapteni akafuta zamu ya mwisho ya kushuka nchi kavu, dhoruba ilikuwa inakuja Drake na alitaka tuvuke kabla haijafika. Wengine walilalamika sana kwamba wamelipia. Mimi nilikuwa upande wake, na nikaenda kumeza dawa yangu mapema.