Farijianeni

Wiki hii nimefikiria sana kuhusu kurudi kwa Yesu, maanake pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi, saa ya lanchi huwezi pita bila kusikia spika ikinguruma kwamba mwisho umefika, okoka leo ama uchomeke milele. Na mimi naamini Yesu anarudi, naamini kabisa. Chenye kinaniuma ni vile ahadi tuliyopewa imegeuzwa kiboko.

Na hizo tarehe jameni! Mhubiri William Miller wa Marekani, wafuasi wake walimngoja Yesu 22 Oktoba 1844, kukakucha kama kawaida. Harold Camping naye, mhubiri wa redio hukohuko Marekani, akasema 21 Mei 2011. Na Mathayo 24:36 iko tu hapo, siku ile na saa ile hakuna aijuaye, ila Baba peke yake. Alafu 2023 ikawa Shakahola, huko Kilifi, watu wakaambiwa wafunge hadi wafe ndio wakutane na Yesu, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni, na watoto wakiwemo. Mtoto wa miaka minne anajua nini kuhusu Ufunuo, yeye alikuwa anasikia njaa tu. Hiyo mimi bado inanitoa machozi.

Sasa ile 1 Wathesalonike 4, ya parapanda na mawinguni, si Paulo aliandikia watu wamefiwa? Walikuwa wanaogopa wenzao waliokufa mapema watakosa siku ya Bwana, akawaambia hapana, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Akamaliza na "Basi, farijianeni kwa maneno hayo". Tulipomzika shosho pale Lang'ata pasta alisoma hiyo sura, vijana wanapokezana majembe, shangazi amelia hadi tumemshika mikono huku na huku, lakini hapo kwa "watafufuliwa kwanza" akaitika amina, kwa nguvu, peke yake.

Kuna kijana wa fellowship yetu ameniuliza kama aache kozi yake ya umeme, ati mhubiri fulani amemwambia hatuna muda wa masomo tena. Jumapili nitakaa na yeye tusome barua zote mbili za Wathesalonike, maanake kwa ile ya pili kuna watu walikuwa wameacha kazi na Paulo akasema asiyetaka kufanya kazi asile. Kozi atamaliza, na karo ya hii term tunamchangia.