Namna nilivyoandaa maonesho ya sayansi na vitofali kwa watoto wadogo wa mtaa wetu, Dodoma

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Dodoma. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiumizwa na jambo moja: watoto wa miaka sita hadi tisa ndio wenye maswali mengi ya sayansi kuliko wote niliowahi kuwafundisha, lakini maonesho ya sayansi tunayoyasikia karibu yote ni ya wanafunzi wa sekondari. Mtoto mdogo akipelekwa huko hushikwa mkono asiguse kitu. Mwaka jana, wakati wa mapumziko ya Juni, niliamua kuandaa maonesho ambayo wenye meza ni watoto hao wenyewe, na naandika hapa jinsi tulivyofanya ili mwalimu au mzazi mwingine apate pa kuanzia.

Utaratibu niliuchukua kwa wenzetu. Taasisi ya FIRST, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, ina programu ya watoto wa miaka 6 hadi 10 inayoendeshwa kwa ushirikiano na kampuni ya LEGO ya Denmark. Watoto wasiozidi sita huunda kundi, hupewa mada, hujenga mfano kwa vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyoshikana, na kuandaa bango la walichojifunza, kisha hukaa na wageni na kuwaeleza, na kila kundi hutambuliwa kwa jambo lake bila kupangwa nani wa kwanza na nani wa mwisho. Sisi hatukujiandikisha kokote wala hatukuwa na vifaa vyao vyote, lakini mpangilio huo ulinitosha: watoto thelathini, makundi sita, Jumamosi tano za maandalizi na Jumamosi ya sita ya maonesho.

Vitofali vilinipa kazi kuliko nilivyotarajia. Ndugu yangu wa Dar es Salaam, ambaye watoto wake wameshakuwa wakubwa, alinitumia sanduku lenye vitofali 1,140. Niliona havitoshi, nikanunua vingine vya bei nafuu, na hapo nilikosea. Kitofali cha LEGO kina vinundu juu na mirija ndani, muundo uliosajiliwa Januari 1958, na mirija hiyo ndiyo inayobana vinundu vya kitofali cha chini. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kingine ni milimita 8, na kwa kuwa vipimo havijabadilishwa, kitofali cha mwaka huo bado kinashikana na cha leo. Vile nilivyonunua vilikuwa vimepungua kwa kiasi ambacho jicho halioni, lakini ukuta wa kozi sita, yaani safu sita, uliachia mara tu mtoto alipounyanyua. Nililazimika kuvitoa vyote, kwa sababu mtoto wa miaka saba akiona kazi yake inaanguka bila kosa lake, hawezi kujua kwamba kosa ni la kifaa.

Hata vile vizuri vilianza kulegea wiki ya pili. Niligeuza kimoja juani nikaona vumbi letu jekundu limejaa kuzunguka mirija. Tangu hapo, kila baada ya kazi, watoto waliviosha kwenye beseni la maji ya sabuni kwa mswaki wa zamani na kuvianika kivulini juu ya kanga. Walipenda kazi ile kuliko nilivyodhani, na ndiyo iliyowafanya wajue idadi, kwa sababu kila kundi lilipaswa kurudisha vitofali 190 kwenye mfuko wake.

Mada niliyochagua ni maji ya mvua. Dodoma tunapata mvua kwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida huwa kati ya milimita 500 na 600 hivi. Korongo linalokaa kavu miezi mingi linaweza kujaa ndani ya saa moja na kumzuia mtoto asivuke kwenda shule. Mada hiyo haikuhitaji maelezo, kwa kuwa kila mtoto alikuwa na la kusimulia. Kundi moja lilichagua daraja la korongo, jingine paa linalovuna maji, jingine kisima chenye kapi (gurudumu la kupitishia kamba ya ndoo), jingine bwawa la Mtera, jingine kalavati chini ya reli, na la mwisho nyumba ya tembe, ile ya asili yenye paa la udongo lililolala.

Kundi la daraja ndilo lililonifundisha zaidi. Watoto walipanga vitofali kimoja juu ya kingine, nguzo pembeni ya nguzo, na kila walipoweka gari la kuchezea juu yake, nguzo zilifarakana. Nilijaribu kueleza, nikaona maneno yangu hayafiki. Jumamosi ya tatu nilimwomba baba wa mmoja wao, ambaye ni fundi mwashi, aje. Alikuja na timazi, pima maji na tofali za kuchoma kama arobaini, akajenga nje kuta mbili fupi bila udongo: mmoja viungo vyake vikiwa vimefuatana mstari mmoja toka chini hadi juu, mwingine vikiwa vimepishana. Kisha akamwambia mwanawe asukume.

Ukuta wa kwanza ulipasuka katikati. Wa pili ulitikisika, ukabaki.

“Baba, mbona huu umekataa?”

“Angalia viungo. Kila tofali limekalia mawili, kwa hiyo ukisukuma moja unasukuma yote.”

Neno hilo, kukalia mawili, likawa lugha ya makundi yote sita. Nilisikia binti wa kundi la bwawa akimkemea mwenzake, “Hilo lako limekalia moja!” Somo hilo la nguvu na mzigo lilichukua dakika kumi, na mwalimu wake alikuwa mtu aliyezoea kutuona walimu tu ndio wenye elimu. Nawasihi wanaoandaa shughuli kama hii waanze kwa kutafuta mafundi wa mtaani kwao, kabla hata ya kutafuta vitofali.

Kwa kundi la paa tulifanya jaribio ambalo nalipendekeza kwa darasa lolote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa mtu mzima hiyo ni hesabu tu, lakini mtoto anapaswa kuiona. Tulitandika nailoni sakafuni, tukaizungushia mbao nyembamba kufanya mraba wa mita moja kila upande, tukahakikisha kwa pima maji kwamba sakafu imelala sawa, kisha mtoto akamimina lita moja. Maji yalitanda yakawa utando tu, na wote walisema hayo si kitu. Baadaye tukapima darasa letu: mita 9 kwa mita 7. Walichora miraba 63 kwenye karatasi, wakaweka punje 20 za mahindi katika kila mraba kuwakilisha mvua ya milimita 20, na kuhesabu kulichukua asubuhi nzima. Punje 1,260, yaani lita 1,260. Simtanki la lita 1,000 lingejaa na kumwagika kwa mvua moja, ingawa kwa kweli kiasi fulani hupotea kwa kuruka na kulowesha bati. Mtoto mmoja alinyamaza kwa muda, halafu akauliza kwa nini basi wanatembea na ndoo.

Kuhusu wazazi lazima niseme ukweli. Wiki ya pili niliruhusu mfano wa kisima uende nyumbani, na Jumamosi iliyofuata ukarudi umekuwa mzuri mno, na watoto walipoulizwa kapi linafanya nini walitazama chini. Hawakuwa na furaha, kwa sababu kisima hakikuwa chao tena. Nilikaa na wazazi wale kwa heshima, tukakubaliana kwamba mifano haitatoka chumbani kwangu na kwamba mkono wa mtu mzima hautagusa kitofali, isipokuwa mtoto ameomba ashikiwe. Kisima kilivunjwa na kuanza upya. Kilichooneshwa hatimaye kilikuwa kimeinama kidogo, lakini uzi ulipita juu ya kapi na ndoo ilipanda.

Siku tatu kabla ya maonesho, ukumbi tulioahidiwa ulipewa watu wengine. Mwenyekiti wa mtaa alituruhusu kutumia uwanja wa ofisi yake, chini ya miarobaini miwili na turubai la kuazima. Sikuwa nimefikiria upepo wa Juni. Kabla ya saa tatu asubuhi mabango yetu ya maboksi yalikuwa yameangushwa mara mbili, na bango la Mtera lilikimbizwa hadi barabarani. Tukatoa meza zote, tukatandika mikeka, tukalaza mabango chini na kuyakandamiza kwa mawe, na mifano ikakaa juu ya mikeka ileile. Kwa hiyo kila mgeni aliyetaka kuona ilimbidi avue viatu na kukaa chini. Mtoto wa miaka saba aliyekuwa akinong’ona mbele ya mtu mzima aliyesimama, alisema kwa sauti kamili mbele ya mtu mzima aliyekaa naye uso kwa uso. Mwaka huu sitatumia meza hata tukipata ukumbi.

Niliwapa wageni waliozungukia makundi maswali matatu tu: mlijenga nini kwanza, nini kilianguka, na mkabadilisha nini. Daraja lilianguka mbele ya mhandisi mmoja jirani yetu, na kabla sijafika, mtoto alikwisha kuanza kumweleza kwamba upande wa kushoto kuna kitofali kinachokalia kimoja. Walilijenga tena yeye akiwa amekaa palepale.

Kwenye tembe alifika mzee mmoja, akasalimu kwa Kigogo, “Mbukwenyi”, na watoto wakamwamkia. Aliuliza kwa nini paa lao limelala.

“Kwa sababu mvua ya huku ni chache na upepo ni mwingi, Babu.”

Akakubali, kisha akainua paa taratibu, akatazama ndani, akasema nyumba hiyo itawaangukia, kwa kuwa udongo wa paa la tembe ni mzito na unabebwa na nguzo zenye panda na boriti zake, na ukuta ni wa kuziba tu. Watoto hawakuwa wameweka nguzo hata moja. Walianza kuziweka saa ileile, mzee akiwaonesha kwa kidole bila kugusa.

Gharama yote, pamoja na uji, mabango na vyeti, ilikuwa shilingi 186,000, nyingi zikiwa michango ya wazazi. Kila cheti kilitaja kazi yenyewe: kundi lililojenga daraja mara tano, kundi lililohesabu punje 1,260, kundi lililoweka nguzo siku ya mwisho.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba, usiku. Asubuhi binti wa kundi la paa alinifuata nyumbani akiwa ameshika kwa mikono miwili kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka, rula ya shule ikiwa imesimama ndani yake. Maji yalikuwa milimita 14. Alitaka kujua paa la shule nzima lina mita ngapi za mraba, nami sikujua, kwa hiyo nikachukua futi kamba tukaenda kupima.