Kazi za saa chache zinataka bamvua

Wanaolima mwani kisiwani Songosongo, Kilwa, wengi wao akina mama, hawaulizwi asubuhi kama wana hamu ya kazi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka kabisa baina ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, na anayetaka kukaza kamba, kuondoa magugu na kufunga mbegu mpya ana saa tatu au nne tu za kusimama shambani. Kesho yake maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko leo. Baada ya siku kadhaa yanakuwa maji mafu, hayatoki vya kutosha, na watu wanageukia kuanika, kutengeneza kamba, kupumzika. Wiki sita hivi tangu kupanda, wanavuna. Saa zao za majini kwa mwezi ni chache kuliko za muuza duka yeyote wa Mtwara mjini, na shamba halilali.

Nawataja kwa sababu kila anayetaka kuishi kwa kazi za saa chache huanza kwa kuuliza ari ataitoa wapi. Ari ni kitu kizuri, ila haina mshahara na haina saa ya kufika. Mwani unalimwa kwa kuwa maji hayamngoji mtu. Fundi cherehani wa Mikindani, kijana wa Shangani, Mtwara, anayefanya kazi za kompyuta kwa wateja wa mbali, au mwenye ekari nne za mikorosho Nanyamba, hao hawana maji ya kuwafukuza. Wakichelewa saa nzima, siku nyingi hakuna kinachozama. Basi sharti wajitengenezee bamvua: saa zenye mwanzo unaojulikana na mwisho usiobembelezeka.

Kuna hesabu ndogo ambayo watu huipuuza. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki akipoteza saa mbili, amepoteza sehemu moja katika ishirini. Anayefanya saa 16 akipoteza hizohizo mbili, ameangusha sehemu moja katika nane. Kadiri saa zinavyopungua ndivyo kila moja inavyokuwa nzito. Maisha haya yanataka nidhamu kubwa kuliko ya ajira, na wanaoyakimbilia kwa kuchoka nidhamu ya ajira hurudi kazini kabla ya mwaka kwisha.

Kabla ya kuzungumzia kuamka mapema, kaa na daftari siku 30 uandike kila shilingi inayotoka, mpaka ya karanga na vocha. Tuseme jumla ni Sh 420,000. Ongeza robo yake kwa misiba, michango ya harusi, ada na dawa; inafika Sh 525,000. Ukitaka kufanya kazi saa 20 kwa wiki, una saa 80 kwa mwezi. Wengi hugawa hapo hapo, wanapata kama Sh 6,600 kwa saa, wanafurahi. Kosa! Katika saa 20 za fundi au mtu wa kompyuta, si zote zinazolipwa. Kuna kufuata vitambaa, kujibu wateja, kudai madeni, kurekebisha kilichoharibika. Chukua saa 12 kwa wiki kuwa ndizo zenye malipo, yaani 48 kwa mwezi, na bei ya saa moja inakuwa karibu Sh 11,000. Kama kazi yako kwa sasa inakupa elfu nne kwa saa, kupunguza saa ni kujinunulia njaa. Panda bei, badili aina ya kazi, au punguza matumizi, kisha rudi kwenye daftari. Ari ya mtu aliyepiga hesabu vibaya hukatika kwa sababu nzuri kabisa, wala asijilaumu kuwa ni mvivu.

Sisi wa Kusini tuna ugumu wa ziada: pesa kubwa huja mara moja kwa mwaka. Korosho zinaokotwa tangu Septemba au Oktoba hadi kwenye Januari, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinasubiri mnada, halafu malipo yanaingia benki. Mwenye pesa ya msimu mkononi haoni sababu ya kuamka. Ifikapo Machi anaiona vizuri sana. Utani tunaopigwa kila Novemba kuhusu pikipiki mpya na soda za kumwaga si uongo wote. Pesa ikiingia, kwanza tenga ya pembejeo za msimu ujao, kwa sababu hiyo si yako, ni ya mikorosho. Inayobaki igawe kwa 12, uiweke kwenye akaunti isiyo kwenye simu unayotembea nayo, na ujilipe tarehe ileile kila mwezi. Isipotosha mwezi mzima, hicho kiasi kinachopungua ndicho saa zako 20 zinapaswa kukileta. Hapo kazi inapata sura: si “nijitume”, ni “nalenga laki mbili na nusu kufikia tarehe 28”. Na usiegemee tarehe uliyoahidiwa malipo ya korosho. Msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata. Akiba ya miezi mitatu ndiyo inayomfanya mtu akatae kazi mbovu bila kutetemeka.

Sasa bamvua yenyewe. Kwa huku kwetu saa nzuri ni za alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu na nusu, siku tano. Ni saa 20 kamili. Desemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili, na kufika saa nne joto na unyevu wa pwani vinamfanya mtu atafute kivuli kuliko kazi. Wenye mikorosho wanalijua hili kwa njia nyingine: salfa ya unga ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande uko kwenye majani, na inarudiwa kila baada ya siku 14. Ukichelewa, upepo unaipeleka kwa jirani. Asiye na mkorosho atafute kitu cha kufanana na huo upepo. Kinachofaa zaidi ni mtu anayesubiri: mteja anayekuja kuchukua nguo saa nne kamili, au kazi iliyoahidiwa kutumwa kabla ya chai. Kujiwekea faini mwenyewe hakufai, maana hakimu na mshitakiwa wanalala kitanda kimoja.

Jioni yake andaa mahali pa kazi mpaka mtu akuone umezidisha. Cherehani iwe na uzi, sindano imekaguliwa, kitambaa kimewekwa chini ya mguu wa mashine. Simu ijazwe chaji usiku, kwa sababu umeme ukikatika alfajiri ndiyo kisingizio cha kwanza, na uwe na kazi mbili tatu zisizotaka umeme: kukata, kupanga hesabu, kuandika kwa mkono. Halafu acha kazi ya leo katikati, si mwishoni. Mshono ulioachwa nusu unakuita; uliokwisha unakuacha usimame mlangoni ukifikiria uanze nini, na katika kufikiria huko ndipo simu inapoingia mkononi.

Wiki mbili za mwanzo ni rahisi kwa kila mtu. Wiki ya tatu ndiyo inayovunja watu, kwa kuwa upya umekwisha na matunda bado. Ni kama mkulima wa mwani aliyepanda siku 20 zilizopita, anaona majani yameongezeka kidogo na hakuna cha kuuza. Katika kipindi hicho usipime pesa. Bandika karatasi ukutani, chora kistari kimoja kwa kila saa uliyomaliza, na Ijumaa hesabu. Wiki mbili mfululizo chini ya vistari 15, kuna kitu kimekosewa kwenye mpango: saa hazifai, kazi haina anayeisubiri, au bei ni ndogo mno na moyo umeshajua. Tafuta kipi kati ya hivyo.

Na saa iliyokosekana isilipwe usiku. Hili nalisisitiza kwa sababu linaonekana kama bidii na kumbe ndilo linalobomoa. Ukifidia hadi saa sita za usiku, alfajiri inayofuata imeshakufa, unafidia tena, na baada ya siku nne huna ratiba, una deni. Maji ya leo yakijaa yamejaa. Subiri ya kesho.

Halafu kuna watu. Mtu anayeonekana nyumbani saa tatu asubuhi, machoni pa mtaa hana kazi. Atatumwa, atatembelewa, ataombwa aangalie watoto. Kwa rika lako unaweza kusema “shoga, nina kazi” au “mwanangu, njoo saa kumi” mkacheka. Mjomba wako huwezi kumwambia hivyo, hasa kwetu ambako mjomba ana neno zito. Toka nje umpokee: “Shikamoo mjomba, nipo na kazi ya watu mkononi, alasiri nitakuja mwenyewe kukaa nawe.” Msalimie mkiwa mmesimama, kiti kikishatoka, asubuhi imekwenda. Na alasiri uende kweli. Usipoenda, mara ya pili atakaa, na atakuwa na haki.

Msiba haupangiwi ratiba. Nenda, na kwenye karatasi andika M badala ya kistari, usijihesabie kosa. Lakini ngoma za jando na unyago zinajulikana mapema, harusi vilevile. Ndiyo maana kupima kwa wiki hakutoshi. Mwaka ndio kipimo. Saa 20 kwa wiki ni saa 1,040 kwa mwaka. Weka wiki 10 za saa 40 wakati wa kuokota na kupeleka korosho ghalani: 400. Weka wiki 6 za sifuri kwa ngoma, misiba na ugonjwa. Zinabaki wiki 36 za kugawana saa 640, kama saa 18 kila wiki. Asiyepanga hivi hujiona ameshindwa Novemba kwa kufanya kazi nyingi, na Julai kwa kukosa kazi, wakati mwaka wake uko sawasawa.

Mwenye ajira asiache kazi msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Mji una pesa, wateja wapo, na kila biashara inaonekana inalipa. Ijaribu Februari, ukiwa bado na mshahara, kwa saa mbili tu za alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mvua zinanyesha, mifuko ya watu imelegea, na mteja atakayekulipa bei yako wakati huo atakulipa wakati wowote. Kufikia mwezi wa tano, wenzako wakianza kuulizana bei ya salfa, utakuwa na karatasi tatu ukutani za kukuonyesha kama uandike barua ya kuacha kazi au la.