Kuku wa moshi akitoka friza, usimkimbize

Shangazi yangu wa Masaka akisikia tu kuna mtu anakuja Kampala, lazima atume kuku. Si kuku hai wa kusumbuana naye kwenye basi, hapana, kuku wa moshi, amekaa juu ya moto mpaka ngozi imekuwa rangi ya chai kavu, kafungwa na majani ya mgomba ndani ya kikapu, na kikapu kinatakiwa kirudi. Krismasi walikuja watatu. Mmoja tulimla siku hiyohiyo, wawili nikawatia friza.

Pasaka shemeji akaja na watoto wake wanne. Mi saa nne asubuhi ndo namtoa kuku, mgumu kama tofali, chakula kinatakiwa saa saba, basi nikamtupa hivyohivyo kwenye sigiri. Nje akawa makaa kabisa, nakata paja naona mfupani bado kuna barafu! Shemeji ana adabu zake, akasema ameshiba matoke.

Nikampigia shangazi. Alicheka weee, halafu akaniuliza, "We mtoto, ulijua kama huyo kuku aliiva au alishika moshi tu?" Kumbe wale wa kupikia luwombo, yaani kile chakula cha Uganda cha nyama na mchuzi wake kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kuiva kwa mvuke, mara nyingi wanapitishwa moshi wapate harufu na rangi, ndani bado ni mbichi maana wataivia kwenye jani. Yaani mi nilikuwa nafikiri napasha kumbe natakiwa nipike kabisa! Na usiangalie rangi, nyama ya moshi inaweza kuwa nyekundu-nyekundu hata ikiwa imeiva, moshi ndo unafanya hivyo. Siku hizi nina kile kipimajoto cha sindano, nachoma kwenye paja pale penye nyama nene bila kugusa mfupa, ikifika nyuzi 74 za Selsiasi natoa, chini ya hapo anarudi motoni.

Wa pili nikamfanya kama alivyosema. Jana yake asubuhi nikamshusha kutoka friza kwenda friji, rafu ya chini, ndani ya beseni maana anachuruzika maji, akalala humo mpaka kesho yake. Kumwacha mezani jikoni usiku kucha na joto hili la Kampala siwezi, barafu haiui vijidudu, inavilaza tu, vikipata joto vinaamka.

Halafu jani. Hapa ndo raha yenyewe. Unalipitisha juu ya makaa taratibu, utaliona linabadilika, ule ukijani wa vumbi unageuka mweusi-mweusi unang'aa kama limepakwa mafuta, na linalegea mkononi, harufu yake tu inakupa njaa. Ule mti wa katikati uchonge uwe mwembamba la sivyo likikunjwa linapasuka na mchuzi wote unaishia kwenye sufuria. Nikaweka vipande, nyanya, kitunguu, mchuzi wa karanga, nikafunga kwa kamba ya mgomba, nikaweka juu ya vikonyo vya majani ili maji ya chini yasiguse, nikafunika, mvuke masaa mawili na nusu hivi. Chumvi weka kidogo kwanza, wengine wanamlaza kuku kwenye chumvi kabla ya moshi.

Kama aliiva kabisa tangu huko kwenye moshi hahitaji muda wote huo, mvuke tu mpaka apate moto hadi ndani. Maikrowevu nimejaribu, nyama ya moshi imeshapoteza maji yake, humo inageuka ndala.

Safari hii watoto wa shemeji waligombania mpaka lile jani, wanalilamba. Mifupa nikachemshia maharage, kwa hiyo moshi tulikula siku mbili.

Kikapu bado kiko hapa jikoni. Ijumaa jirani anaenda Masaka, nitamtuma nacho na sukari kilo mbili ndani, maana nikikirudisha kitupu shangazi hatasema kitu, ila kuku wa Krismasi nitawasikia kwenye simu tu.