Siku Baba Alipohesabiwa

Sheria yenyewe ilitaja masikio. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya mawakili Mombasa, na mwenzangu aliponieleza nilidhani ananifanyia mzaha, mpaka nilipoisoma kwa macho yangu. Mwishoni mwa 2018 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya marekebisho madogo madogo, zile ambazo hakuna anayezisoma, na humo ndani Sheria ya Usajili wa Watu ikapenyezewa vifungu vipya. Serikali ikapewa ruhusa ya kuchukua alama za vidole, vipimo vya kiganja, umbo la ndewe za masikio, mboni za macho, mawimbi ya sauti na DNA. Hata mahali nyumba yako ilipo, kwa setilaiti. Vyote vitiwe kapu moja, nawe upewe namba. Wakaiita Huduma Namba.

Shirika la Wanubi, Wakenya wenye asili ya Sudan, liitwalo Nubian Rights Forum, na wenzao wa haki za binadamu wakaenda mahakamani. Tarehe 1 Aprili 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakatoa amri ya muda: usajili uendelee, ila DNA na mahali pa nyumba visichukuliwe, mtu asilazimishwe, pasiwekwe siku ya mwisho, na asiyejisajili asinyimwe huduma. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akazindua usajili kule Masii, Machakos, na matangazo yaliyofuata yote yalikuwa na siku ya mwisho. Siku hiyo ilipofika ikasogezwa hadi tarehe 25 Mei.

Mei hiyo ilikuwa Ramadhani. Nilikwenda nyumbani, kijiji cha wavuvi kusini ya Kwale, karibu na Shimoni, na ndani ya mkoba nilikuwa na nakala ya ile amri. Nilijiona nimebeba kitu kikubwa.

Baba alikuwa ameshapita miaka sabini na alikuwa akipokea pesa za wazee, zile shilingi 2,000 kwa mwezi. Kijijini ilishaenea kwamba asiye na Huduma Namba ataondolewa kwenye orodha. Nani aliyesema? Kila niliyemwuliza alikuwa amesikia kwa mwingine. Usiku, tumetoka tarawehe, nikamtolea baba karatasi yangu na kumsomea kifungu baada ya kifungu, nikimfasiria. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Hiyo mahakama iko wapi?"

"Nairobi, Baba."

"Naibu chifu yuko hapa."

Asubuhi tukatoka watatu: mimi, baba, na kijana aliyekuwa akivua naye. Huyu kijana nimweleze kidogo. Babu yake alivuka kutoka Pemba akifuata samaki, akaoa huku na kuzikwa huku. Baba yake kazaliwa huku, yeye mwenyewe kazaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mvua au jua, ndiye aliyekuwa akisukuma ngalawa ya baba majini tangu mgongo wa mzee ulipoanza kugoma. Lakini kitambulisho hana, kwa sababu baba yake hakuwa nacho, na baba yake hakuwa nacho kwa sababu babu aliandikwa mgeni. Vijiji vya Wapemba viko Kwale na Kilifi, watu maelfu kadhaa, na hali ilikuwa ndiyo hiyo kwa wengi wao. Laini ya simu aliyokuwa akitumia ilisajiliwa kwa jina la baba. Pesa zake za samaki zikiingia, ujumbe unasema mpokeaji ni mzee wa miaka sabini na kitu.

Usajili ulifanyika uwanja wa shule, chini ya mwembe. Karani alikuwa msichana mdogo, mwenye adabu, na mbele yake mkoba mweusi uliofunguka ukawa kompyuta na kioo cha kuwekea vidole. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamefunga, midomo imekauka, na hivyo hapakuwa na soga. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu, aliyezaliwa huko kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, ndiye pekee aliyekuwa akizungumza. Alikuwa akimsimulia kila anayemgeukia habari za kipande cha Mwingereza, kilichoanza 1920, ambacho babu yake alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati: jina, kabila, alama za vidole, mshahara, na sahihi ya mzungu wa kumruhusu aache kazi. Ukikutwa huna, jela. "Hawa angalau hawatuvishi bati," akasema, na ninakiri hilo lilinipata kuliko hoja zote nilizozichapa ofisini.

Zamu ya baba ilipofika, kwanza ikajazwa fomu. Jina, jina la baba, jina la mama, mke, watoto, umesoma wapi, unafanya kazi gani. Mpaka hapo sawa. Kisha karani akauliza kama analima, kama ana mifugo. Baba akanigeukia. Nikamwambia ni juu yake kujibu au kutojibu. Akajibu kwamba ana mbuzi, na karani akaandika. Nilitaka kumwuliza yule binti mbuzi wa baba wanahusika vipi na pesa za wazee au pasipoti au chochote kile, lakini yeye hakuitunga ile fomu, na nyuma yetu watu walikuwa wamesimama juani.

Vidole ndivyo vilivyoleta kazi. Miaka hamsini ya mshipi na kamba na chumvi ilikuwa imeilainisha ngozi ya ncha za vidole vya baba ikawa kama ya mtoto. Kioo kikakataa. Karani akampangusa kwa kitambaa, akabonyeza kidole kwa kidole chake mwenyewe, kikakataa. Akamwomba avisugue kichwani apate mafuta kidogo. Baba akavua kofia, akasugua upara wake mbele ya kijiji kizima, huku akiwa ameukaza uso kama mtu anayepimwa nguo. Mwishowe vichache vikasoma na vingine vikaachwa, na mashine ikakubali kwamba yupo. Nilimnong'oneza kwamba sheria iliruhusu hata masikio. Akayagusa, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Anayefuata."

Kijana akakaa. Alikuwa amevaa shati la Idi, na Idi haijafika.

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Sina."

"Basi siwezi, kaka yangu. Mashine hainiruhusu kuendelea."

"Vidole ninavyo," akasema, akaviweka juu ya kioo vyote. Karani akamwondoa mkono taratibu.

Baba, ambaye kwa kawaida hapandishi sauti hata baharini, akarudi mezani. "Mwanangu, mbuzi wangu umewaandika. Na huyu?" Karani akainamisha macho. Naibu chifu akaja, akasema maneno ya upole ambayo hayakuwa na kitu ndani, kwamba suala lao linajulikana huko juu, wavute subira. Tukaondoka.

Njiani ile nakala ilinilemea mkobani. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli na nilikiamini, na bado nakiamini: serikali isiyokueleza data yako itakaa wapi, nani ataifungua na kwa sababu gani, haina haki ya kuichukua. Wale wanaosema "kama huna unaloficha, waogopa nini" sijawahi kuwasikia wakiwauliza wakubwa swali hilo hilo. Lakini amri ile ilimkinga asiyetaka kuandikwa. Aliyetaka, akakataliwa, haikuwa na neno lake. Mimi niliogopa serikali itanijua mno, naye alikuwa amevaa shati jipya ili ijue tu kwamba amezaliwa. Wanaoandika kuhusu faragha, nami nikiwa mmoja wao kwa makala zangu ndogo ndogo, tuliandika kana kwamba hizo ni habari mbili mbalimbali. Kumbe aliyeketi mezani na uwezo wa kuuliza habari za mbuzi ndiye mwenye uwezo wa kusema wewe hupo, na wakati ule hapakuwa na sheria ya kumwuliza kwa lolote kati ya hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, miezi sita baada ya vidole kuchukuliwa. Kapu lilijaa kwanza, kifuniko kikatafutwa baadaye.

Hukumu yenyewe ilitolewa tarehe 30 Januari 2020. DNA na mahali pa nyumba vikatupwa nje, na mpango ukaambiwa usiendelee mpaka uwe na kanuni kamili. Majaji walisema pia waziwazi kwamba wapo wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati. Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaja kubatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza hatari kwa data za watu. Baba hakuwahi kuulizwa namba ile popote. Pesa za wazee zilikuja zilipokuja na zikachelewa zilipochelewa, kama zamani.

Mwaka 2023 serikali ikawatambua Wapemba kuwa raia, na kijana akapata kitambulisho. Aliniletea picha yake kwa simu, amekishika karibu na shavu. Laini ya baba akairudisha, akanunua yake, kwa jina lake, na wiki hiyo hiyo akapakua programu ya mkopo, kwa sababu sasa alikuwa mtu anayeweza kukopeshwa. Alitaka nyavu.

Miezi michache baadaye nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, ya haraka, ya mtu mwenye orodha ndefu mbele yake. "Naongea na Kaka wa Mombasa?" Hivyo ndivyo alivyonihifadhi kijana kwenye simu yake. Akanieleza kijana anadaiwa kiasi gani, amechelewa siku ngapi, na kwamba mimi kama ndugu nimhimize alipe. Nikamwuliza amepata wapi namba yangu.

"Alikubali mwenyewe," akasema. "Bila kukubali, programu haifunguki."