Mifupa chini ya mnyasa

Mwaka niliomaliza darasa la saba, kule Amani, Usambara ya Mashariki, mbuzi mchanga wa jirani yetu alipotea kando ya shamba la iliki. Jioni hiyohiyo watu walishakata shauri: ni yule tai wa msituni mwenye kishungi, na ule mti wa mnyasa wenye kiota chake uangushwe. Hata vifaranga vilivyokuwa vikipotea kijijini alibebeshwa yeye.

Mjomba wangu, aliyekuwa akiokota mbegu za mti wa msambu na kuufahamu msitu ule vizuri, hakubishana nao. Alimwendea mwenye mbuzi, akamwambia, "Mzee, kabla ya shoka, twende tukaone anachokula." Nikawafuata.

Dume tulimsikia kabla ya kufika. Alikuwa juu sana, akishuka na kupanda angani huku akipiga mluzi bila kukoma. Kiota kilijaa kwenye panda ya mti, rundo kubwa la vijiti ambalo tai hawa hulitengeneza na kuliongezea mwaka hadi mwaka.

Chini yake ilikuwa mifupa mitupu. Mjomba aliipanga juu ya majani mapana: mafuvu ya kima, kwato za paa, taya la perere, yule mnyama mdogo wa mitini. Unyoya wa kuku hatukuuona. Fuvu moja lilikuwa na tundu, akaligusa kwa kidole. "Ukucha wa nyuma huu." Tai huyu hafiki kilo 5, lakini huua mnyama anayemzidi uzito, asipoweza kumbeba humkatakata palepale chini. Mabawa yake mafupi na mkia mrefu humwezesha kukata kona katikati ya miti. Anayenyakua vifaranga uani ni mwewe, ndege wa mahali peupe.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za fuvu la mtoto wa binadamu wa kale lililopatikana Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walitoa hoja kwamba mtoto yule aliuawa na ndege mkubwa wa aina hii. Niliamini mara moja, maana tundu lile nilishaliona.

Kiotani alikuwamo kinda mwenye kichwa cheupe. Kwa kawaida mayai huwa mawili, lakini kinda wa kwanza humuua mdogo wake. Anayebaki, hata akishajua kuruka, huendelea kulishwa na wazazi kwa miezi mingi.

"Huyu mmoja, Mzee, ndiye mavuno yao ya miaka miwili," mjomba alisema.

"Na mbuzi wangu?"

"Inawezekana kabisa ni yeye. Mbuzi mchanga kwake ni sawa na paa."

Mzee aliligeuzageuza lile fuvu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama nina nafasi ya kumsaidia kukata fito, ajenge zizi karibu na nyumba. Tulilianza kesho yake.