Meza ya forodha ndiyo iliyotawala: Marekani na Santo Domingo, 1905 hadi 1940

Ukitaja ubeberu wa Marekani, wengi hukimbilia Ufilipino, Kuba au Mfereji wa Panama. Anayetaka kuelewa mitambo yake ilivyofanya kazi afadhali aanzie Jamhuri ya Dominika, nchi ya Karibi iliyoitwa pia Santo Domingo, kwenye meza ya ofisa wa forodha.

Karibu mapato yote ya serikali ya nchi ile yalitoka kwenye ushuru wa bandarini. Kwa hiyo kila aliyetaka kupindua serikali aliwinda forodha kwanza, maana akishika bandari kama Puerto Plata amepata mishahara ya askari wake. Marais nao wakitaka mkopo waliziweka rehani forodha hizo hizo. Rais Ulises Heureaux alikopa kwa mtindo huo mpaka alipouawa mjini Moca, Julai 1899. Kufikia 1904 deni lilikuwa limevuka dola milioni 30, na wadai wa Marekani na wa Ulaya walikuwa wanagombania mapato yale yale.

Kilichoitia Marekani wasiwasi kilitokea Venezuela. Desemba 1902 Ujerumani, Uingereza na Italia zilizifunga bandari za nchi hiyo kwa manowari kwa sababu ya madeni. Februari 1904 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ikaamua kwamba mataifa hayo matatu yalipwe kabla ya wadai waliotulia. Kwa lugha nyepesi, anayetuma manowari hulipwa mwanzo. Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliona wazi ni nani angefuata: Jamhuri ya Dominika. Hakuitaka nchi yenyewe. Mwezi huo huo aliandika kwamba hamu yake ya kuitwaa ilikuwa sawa na ya chatu aliyeshiba kumeza nungunungu kwa upande wa mkiani. Desemba akaliambia Bunge la Marekani kwamba nchi yake huenda ikalazimika kuwa polisi wa eneo hilo.

Baraza la Seneti halikuupitisha mkataba wa 1905 wa kuikabidhi Marekani forodha za Dominika, hivyo Roosevelt akapita mlango wa nyuma kwa mapatano ya muda. Kuanzia Aprili, ofisa aliyeteuliwa na Marekani alisimamia forodha zote. Katika kila dola 100 iliyokusanywa, isiyozidi 45 ilikwenda kwa serikali ya Dominika. Iliyobaki, baada ya gharama za ukusanyaji, iliwekwa benki New York ikisubiri uamuzi wa Seneti. Mapato yalipanda haraka, kwa kuwa magendo yalibanwa na waasi hawakuwa tena na forodha ya kuteka.

Mkataba wa 1907 ndio uliofunga hesabu. Madai ya wadai yalipunguzwa sana, na zikatolewa hati fungani (karatasi za mkopo wanazouziwa wawekezaji) mpya za dola milioni 20, riba ya asilimia 5, kwa miaka 50. Mkusanyaji Mkuu wa forodha aliteuliwa na Rais wa Marekani. Gharama za ofisi yake zilikatwa kwanza, zisizidi asilimia 5 ya makusanyo. Kila tarehe mosi alipeleka dola 100,000 kwa wakala wa mkopo, yaani milioni 1.2 kwa mwaka: milioni 1 ya riba, na 200,000 ya kupunguza deni. Makusanyo ya mwaka yakivuka milioni 3, nusu ya ziada nayo ilikwenda kwenye deni. Chukua mwaka wa makusanyo ya milioni 3.4. Ondoa 170,000 za ofisi, milioni 1.2 ya wakala, na 200,000 ya nusu ya ziada. Serikali inabaki na milioni 1.83. Si haba, lakini haiwezi kugusa senti mpaka wenzake wote wameshakula.

Kasoro ilikuwa kifungu cha tatu: mpaka deni liishe, serikali isiongeze deni la taifa wala isibadilishe ushuru bila idhini ya Marekani. Karatasini inaonekana busara. Lakini Rais Ramón Cáceres aliuawa Novemba 1911, vita vikarudi, na serikali iliyokatazwa kukopa ikafanya ambacho serikali yoyote iliyobanwa hufanya: ikaacha kulipa mishahara na wenye maduka. Washington ikayahesabu malimbikizo hayo kuwa deni jipya, na hivyo uvunjaji wa mkataba. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, ni ya wakili mjanja kuliko ya mhasibu. Waliokuwa wanadai ni makarani, askari na wauzaji, hakuna hati fungani hata moja iliyouzwa.

Mwaka 1915 Marekani ilidai kuweka mshauri wa fedha mwenye mamlaka na jeshi la polisi chini ya maofisa wake. Wadominika wakakataa. Mei 1916 askari wa majini wakatua. Bunge likamchagua Francisco Henríquez y Carvajal kuwa rais wa muda. Marekani ikakataa kumtambua mpaka akubali masharti hayo. Agosti, Mkusanyaji Mkuu akatangaza kwamba serikali haitapewa tena fedha. Rais akabaki na ikulu bila hazina. Tarehe 29 Novemba 1916 Kapteni Harry S. Knapp wa jeshi la majini akatangaza utawala wa kijeshi, na sababu ya kwanza aliyoitaja ni kifungu kile cha tatu.

Askari waliondoka 1924. Mkusanyaji Mkuu alibaki. Forodha zilirudishwa kwa mkataba uliosainiwa Septemba 1940.